Kuondoa nyaya za umeme na pikipiki kwenye picha ya familia bila kuharibu kanga ya Bibi

PichaMoshi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi ya kupiga picha hapa Moshi, na ninaomba ushauri kuhusu picha moja ya familia iliyopigwa Kibosho mwezi Desemba, wakati ndugu wote walipokuwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi. Bibi ameketi mbele, watoto na wajukuu wamesimama nyuma yake, kushoto kuna migomba, na juu yao Kibo imeonekana wazi kabisa, jambo ambalo sisi wa huku tunajua kwamba si la kila asubuhi.

Tatizo ni kwamba nyaya za umeme zinakatiza anga na kupita mbele ya theluji, na nyuma ya bega la Bibi kuna pikipiki iliyoegeshwa ambayo gurudumu lake linaonekana kugusa ukingo wa kanga aliyojitanda. Ninatumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha. Zana ya kuponya, ile yenye alama ya plasta, imefanya kazi vizuri katika anga tupu, lakini kila inapokaribia mstari wa theluji au ukingo wa kanga inaacha doa la kijivu lisilo na umbo. Familia inataka picha kubwa ya kutundika sebuleni, na kuirudia haiwezekani kwa sababu wengi wao wameshaondoka. Je, nitumie zana ipi, na nianzie wapi?

FundiPicha_Arusha alijibu:

Ndugu yangu, doa hilo linatokana na namna zana yenyewe inavyofanya kazi. Zana ya kuponya hunakili umbile kutoka mahali ulipochagua, kisha hubadilisha rangi na mwanga wa kile ilichonakili ili vilingane na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zinazozunguka mahali unapopaka. Katika anga, ambako jirani wote ni buluu, matokeo ni mazuri sana. Ukingoni, jirani wa upande mmoja ni theluji nyeupe na wa upande wa pili ni anga au mwamba mweusi, na programu, isiyojua kwamba hapo kuna mpaka, huchanganya rangi zote mbili. Kwa hiyo sehemu za ukingoni zifanye kwa zana ya kunakili, yenye alama ya muhuri, ambayo huhamisha pikseli jinsi zilivyo bila kuzibadilisha.

Kwanza rudufu leya ya picha, yaani tabaka lake, ili ile ya asili ibaki salama chini yake. Anza na nyaya zilizo angani, lakini usichukue sampuli mbali: anga hupauka kadiri linavyokaribia upeo, na sampuli iliyotoka juu sana itaacha mstari wa buluu iliyokolea pale waya ulipokuwa. Shikilia Ctrl na ubofye kando kabisa ya waya, kisha fuata waya huo vipande vifupi vifupi. Bofya mwanzo wa kipande, shikilia Shift, bofya mwisho wake, na brashi itapita kwa mstari ulionyooka. Vipande vinapaswa kuwa vifupi kwa sababu waya wa umeme hulegea katikati ya nguzo, haunyooki kama rula.

Unapofika kwenye mlima, chagua kwanza eneo la theluji peke yake kwa zana ya kuchagua, ukilainisha ukingo wa uchaguzi kwa pikseli moja au mbili tu. Brashi haitaweza kutoka nje ya eneo hilo hata mkono ukiteleza. Paka muhuri ndani yake, kisha geuza uchaguzi, yaani kilichokuwa nje ndicho kiwe kimechaguliwa, na upake upande wa anga. Theluji ya Kibo ina michirizi inayoteremka na mteremko, kwa hiyo chukua sampuli juu au chini ya waya katika mchirizi uleule, wala si pembeni.

MamaStudio alijibu:

Maelezo ya kaka hapo juu ni sahihi, nami ningependa kuongezea kuhusu kanga, kwa sababu hapo ndipo picha hii itakapofaulu au kuharibika. Anga likikosewa kidogo hakuna atakayegundua. Kanga ina mpangilio ambao kila mama atakayeiona picha hiyo anaujua: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Pindo likikatika au herufi moja ikapinda, macho yote yatakwenda hapo kabla hayajamwona Bibi.

Angalia kwanza kama gurudumu limeifunika kanga kweli au limekaa nyuma yake tu. Kwa kuwa pikipiki iko nyuma ya Bibi, naamini kanga yote ipo, na kinachohitaji kujazwa ni kile kilichopaswa kuonekana nyuma yake, yaani majani ya migomba au ukuta. Chagua umbo la kanga kwa uangalifu ukitumia zana ya njia, ile ya kuweka nukta na kuzipinda, kisha geuza uchaguzi ili kanga iwe imekingwa kabisa, ndipo ufute gurudumu. Kama ukingo wa kanga umechukua weusi wa tairi, rekebisha sehemu hiyo kwa muhuri ukichukua sampuli kwenye pindo hilohilo mahali ambapo nakshi inajirudia, kama fundi cherehani anavyolinganisha kiraka na maua ya kitambaa.

Kisha nina swali: je, hukupiga picha kadhaa mfululizo? Wengi wetu hupiga nyingi kwa sababu watoto hufumba macho. Kama katika mojawapo Bibi aliegemea upande mwingine, au pikipiki ilikuwa haijafika, basi yaliyo nyuma yake unayo tayari, na hakuna zana inayoweza kubuni kitu bora kuliko kilichokuwepo kweli. Fungua picha hiyo kama leya ya pili, ifanye ionekane nusu tu ili uone iliyo chini yake na uzilinganishe vizuri, kisha irudishe ilivyokuwa, iongezee maski nyeusi, yaani kifuniko kinachoificha leya, halafu paka rangi nyeupe kwenye maski mahali pa pikipiki tu, na hapo ndipo leya hiyo itaonekana.

Kuhusu migomba, epuka kuchukua sampuli mahali pamoja mara nyingi. Jani lililochanika kwa namna fulani likionekana mara mbili katika picha moja, udanganyifu hujulikana papo hapo.

MwanafunziWaTehama alijibu:

Shikamooni. Je, si rahisi zaidi kutumia simu? Programu ya Snapseed ina zana ya kuponya bila malipo, na kifutio cha Google Photos, kilichoanza na simu za Pixel 6 mwaka 2021, kilifunguliwa bila malipo kwa watumiaji wengine mwaka 2024. Unazungushia kitu kidole na kinatoweka.

FundiPicha_Arusha alijibu:

Marahaba. Kwa picha ya kutuma WhatsApp zinatosha kabisa, na hata mimi huzitumia. Kwa picha ya kutundika ukutani ningezitumia angani tu. Zana zinazojaza kwa kubuni hazijui jina la kanga hiyo lilikuwa nini. Zikifika kwenye maandishi huchora maumbo yanayofanana na herufi lakini hayasomeki. Vilevile zinaweza kubadilisha vidole au sikio la mtu aliye jirani na kitu kinachofutwa, na familia haitakusamehe ukimpa Bibi mkono usio wake.

MhaririMstaafu alijibu:

Ningependa kutofautisha jambo moja. Picha ya familia ni ya familia, na wakitaka pikipiki iondoke, iondoke. Picha ya habari ni kitu kingine. Mwezi Januari 2014 shirika la habari la Associated Press liliacha kufanya kazi na mpiga picha aliyekuwa miongoni mwa washindi wa Pulitzer, tuzo ya uandishi wa habari, kwa sababu alifuta kamera ya mwenzake kwenye picha aliyopiga Syria. Kamera hiyo ilikuwa pembeni na haikubadilisha habari yenyewe, lakini msomaji alikuwa ameahidiwa kuona kilichokuwepo. Ningeliweka tangazo la nyumba ya wageni upande huohuo: ukifuta jengo linaloziba Mlima Meru dirishani, mgeni analipia mandhari ambayo hatayakuta.

PichaMoshi alijibu:

Nawashukuru sana. Mama, ni kweli ninayo picha nyingine ambayo Bibi amegeukia wajukuu na sehemu ya ukuta iliyofichwa na pikipiki inaonekana, nami nitaanza na hiyo. Swali la mwisho: faili lina pikseli 6000 kwa 4000. Je, linatosha kwa upana wa sentimita 75?

MamaStudio alijibu:

Linatosha. Kwa upana huo utapata takriban pikseli 200 kwa kila inchi, na picha ya ukutani haitazamwi kwa karibu kama albamu. Kagua kazi yako kwa ukubwa wa asilimia 100, ukipita kona hadi kona, hasa kwenye mstari wa theluji na pindo la kanga. Hifadhi faili la XCF, ambalo ni la GIMP yenyewe, lenye leya zote, kisha toa nakala ya JPEG yenye ubora wa juu kwa ajili ya mchapaji, na umwombe akuchapie kwanza kipande kidogo chenye bega la Bibi kabla ya kulipia picha nzima.