Wakulima na mabwana shamba wa Nyanda za Juu Kusini, Corona ya 2020 iliwakuta wapi? Tupeane uzoefu

Wadau, leo nimeokota daftari la shamba darasa letu la viazi, Isyonje. Mahudhurio yanaishia Machi 2020, kurasa zilizobaki nyeupe. Hatukufungiwa ndani, jembe liliendelea, ila mikusanyiko ilizuiwa na bwana shamba hakuonekana tena.

Aprili ile viazi vyangu vikaanza kulala, majani bado ya kijani. Nikamtumia picha muuza pembejeo, akajibu WhatsApp: ukungu. Nikapulizia mara mbili, hela ikaenda, viazi vinazidi kulala. Ndipo nikampigia bwana shamba. Akasema, "Kata shina karibu na udongo, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, usilitikise." Uzi mweupe kama maziwa ukashuka taratibu. Mnyauko bakteria! Huo hauna cha kupulizia, ni kung'oa tu. Nani mwingine?

Mwana Mbarali: Mei Zambia walipofunga mpaka wa Nakonde, mchele wangu ulilala Tunduma juu ya lori. Sitaki kukumbuka.

Diploma Kilimo: Vyuo vilifungwa tarehe 18 Machi, tukarudi 1 Juni. Mahindi ya vitendo tuliyaacha yanatoa mbelewele, tukayakuta makavu. Viwavijeshi vamizi nilivisoma kwenye notisi, mtihani nikafaulu. Siku mkulima aliponifungulia majani ya katikati ya mhindi akaniuliza "kiwavi huyu ni yupi?", nilijifanya simu inaita.

Bibi Mchaichai: Nilipanda mchaichai kwenye kontua, yale matuta ya kukata mteremko, kuzuia mmomonyoko, kama tulivyofundishwa. Watu wa nyungu, wale wa kujifukiza mvuke wa majani, waliumaliza wote. Mvua iliyofuata, udongo ukahamia kwa jirani.

Afisa Ugani mstaafu: Mleta mada, usitulaumu sana. Kata nzima nilikuwa peke yangu na pikipiki moja. Darasa la watu thelathini nililigawa makundi ya watano watano, yaani somo lile lile mara sita, mafuta kwa mfuko wangu. Simu ilisaidia wenye simu janja, nao wengi walikuwa vijana. Akina mama ndio wapaliliaji, simu iko mfukoni kwa baba, baba yuko kilabuni. Lile shamba lenye mnyauko ulipanda nini baadaye?

Mleta mada: Mahindi, misimu mitatu, mzee wangu. Viazi nimerudisha baada ya hapo, kwa mbegu safi. Ile glasi bado naitumia, mke wangu kakataa isirudi kabatini.