Tuuze kiwanja cha Chanika dada akawekewe seli shina, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Mdogo_Mtu_Chanika
Wakuu habari za usiku. Dada yangu ana miaka 31, ana MS, ile maltipo sklerosisi, kinga ya mwili inageuka inakula ganda la mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ilianza na jicho moja kuuma na kuingia ukungu, likapona lenyewe tukasahau, mwaka uliofuata ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini. Tumezunguka miaka mitatu, hospitali moja hapa mjini wakatuambia ni mawazo tu, aolewe atapona. Mpaka tulipompeleka MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ndo madoa yakaonekana kwenye ubongo. Sasa hivi kijiko anakishika kwa mikono miwili. Na hili joto la Januari ndo linammaliza kabisa, jua likipanda macho yanafifia, tunalowesha kanga tunamfunga shingoni, LUKU ikiisha feni ikazima haichukui nusu saa maneno yanaanza kumkokota. Mchumba wake bado yupo naye, hajakimbia, namheshimu sana kwa hilo. Kuna kliniki ya nje imetupigia, wanasema wanachoma seli shina, zile seli mama zinazozaa seli nyingine, mshipani siku tatu, dola 28,000, anarudi anatembea vizuri. Tunataka kuuza kiwanja cha Chanika alichoacha mzee. Wenye uelewa naombeni msaada.

Kipanga_wa_Tabata
Pole mkuu. Ila hiki ni kikombe cha Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa dawa ya kunywa, kimevaa koti jeupe. Kiwanja ukiuza umeuza. Msikurupuke.

Mdogo_Mtu_Chanika
Kukurupuka? Kaka mimi nimelala na hili jambo miezi nane. Nimemnyanyua dada chooni usiku. Tumia neno lingine.

Mama_Nuru
Kipanga hiyo ni lugha gani kwa mtu mwenye mgonjwa ndani? Mimi 2011 nilimpeleka mama yangu Samunge, huko Loliondo kwa Babu, foleni ya magari huoni mwanzo wala mwisho, tukalala kwenye gari siku nne, tukatoa mia tano yetu akanywa. Unajua kwanini nilienda? Kwa sababu daktari alishaniambia mrudishe nyumbani. Mama njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea, alikuwa hajaongea vile wiki tatu. Alifariki mwezi wa sita, lakini lile tumaini alilipata na mimi nililiona kwa macho. Usilifanye tusi.

Kipanga_wa_Tabata
Mama Nuru shikamoo, usinilishe maneno, sijamtukana mama yako, Mungu amrehemu. Lakini na mimi nina wangu. Mjomba alirudi kutoka huko huko Loliondo akazifukia ARV shambani, akasema ameshapona. Tulimzika mwaka uliofuata. Kwa hiyo nikisema kikombe najua ninachokisema, na sitakaa kimya nione mwingine anafukia.

Mama_Nuru
Marahaba. Pole kwa mjomba. Ila aliyemwambia afukie dawa ni nani? Yule mchungaji au ninyi mliokuwa mnaishi naye?

Kipanga_wa_Tabata
Hapo mama umenigusa pabaya. Nilikuwa na miaka 15.

Sista_Zai_Ilala
Jamani wote mmefiwa, poleni. Turudi kwa mgonjwa aliye hai. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Seli shina ziko za aina mbili na watu wanazichanganya makusudi.

Ya kwanza ina ushahidi. Wanakupa dawa seli zako zitoke kwenye uloto ndani ya mifupa ziingie kwenye damu, wanazivuna, wanazigandisha, halafu wanakupiga kemo kali, zile dawa za saratani, inayoifyeka kinga yote iliyokosea njia, ndo wanakurudishia seli zako kinga ianze upya kama ya mtoto. Sikilizeni vizuri hapo: kazi kubwa inafanywa na kemo, zile seli zinakuja kukuokoa na kemo. Haziendi kushona mishipa iliyokwisha kufa. Dkt. Richard Burt wa Chicago, Marekani, na wenzake wa nchi nyingine walichukua wagonjwa 110, majibu yakatoka 2019, walioendelea kuzorota kwenye kundi lililopandikizwa walikuwa 3, kwa waliobaki na dawa za kawaida 34. Ni kitu kikubwa. Lakini wote walikuwa na MS ile ya kushambulia na kuachia, siyo ile inayoshuka taratibu bila kuachia. Na Canada kuna utafiti wa watu 24 waliopigwa kemo kali zaidi, mmoja akafariki. Hiyo tiba haiishi siku tatu. Ni wiki kadhaa chumba cha peke yako, nywele zinatoka, mafua ya mgeni aliyekuja kukuona yanaweza kukuua.

Ya pili ndo hiyo ya kliniki yenu, wanachukua seli za mafuta au za kitovu wanachoma mshipani unaondoka. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha seli shina yoyote ya kutibu MS. Na huko huko Marekani, jimbo la Florida, kina mama watatu walichomwa seli za mafuta ya tumbo machoni wakitafuta kuona vizuri, wakapofuka.

Mwisho, kabla ya kuuza hata tofali, muulizeni daktari wenu kuhusu rituksimabu, ile wanayopewa wenye saratani ya matezi. Shirika la Afya Duniani, WHO, 2023 waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS.

Dogo_Temeke
Sista kwanini aende nje, Muhimbili si wanapandikiza uloto tangu 2021? Dodoma pale Benjamin Mkapa wameanza na watoto wa selimundu 2023. Tunadharau vya kwetu.

Sista_Zai_Ilala
Mdogo wangu sijadharau, najivunia sana. Ila hao ni wagonjwa wa damu. MS inataka timu ya damu na timu ya ubongo wakae meza moja wachague mgonjwa anayefaa.

Mzee_wa_Kijiweni
MS ni ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi. Mpimeni vizuri huyo binti.

Mdogo_Mtu_Chanika
Mzee shikamoo. Hayo maneno ndo yalitupotezea miaka mitatu. Madoa yapo kwenye MRI, dada yangu ni Mzaramo wa baba na mama.

Mzee_wa_Kijiweni
Marahaba kijana. Sikukataa kwamba anaumwa, nimesema ni nadra kwetu. Msinirukie.

Bint_Kigamboni
Nadra kwa sababu MRI ni chache na madaktari wa ubongo ni wachache mzee, asiyepimwa haonekani. Mimi rafiki yangu aliombewa, akapungwa, akanyolewa, ndo akapimwa.

Mama_Nuru
Nirudi kwa Kipanga, sijalala vizuri. Ulikuwa na miaka 15, sikupaswa kukuuliza vile. Nisamehe mwanangu.

Kipanga_wa_Tabata
Yameisha mama. Na mleta mada nisamehe lile neno. Ila kiwanja msiuze.

Bint_Kigamboni
Kiwanja, kiwanja. Mgonjwa mwenyewe ameulizwa? Kwetu mtu akiumwa tu anageuka mtoto, wajomba na mashangazi wanakaa kikao sebuleni yeye yupo chumbani anasikia bei yake. Ana akili timamu huyo, miguu ndo imegoma.

Mdogo_Mtu_Chanika
Bint hapo umenichoma kweli. Kikao kilikaa Jumapili na hatukumwita, tulisema tusimpe presha.

Dogo_Temeke
Mimi bado nasema Muhimbili.

Mdogo_Mtu_Chanika
Wakuu nimekaa naye jioni hii barazani nikamsomea uzi wote, hata ya Samunge, alilia kwa ya Mama Nuru. Amesema ile ya siku tatu hataki tena. Ile ya kemo anaitaka hata kesho, amesema akikaa akingoja mkono wa pili nao utaondoka. Hakuuliza habari ya nywele wala kufa. Ameuliza kitu kimoja hakuna aliyekigusa humu: akishapigwa hiyo kemo, ataweza kuzaa?

Sista_Zai_Ilala
Mwambie dada ameuliza swali lenyewe. Kemo ile inaweza kugusa mayai, wengine hedhi inakata, kwa wengine inarudi, na umri ukiwa mdogo nafasi ni nzuri zaidi. Kuna utaratibu wa kutoa mayai na kuyatunza baridini, ila unafanyika kabla ya kemo, baada ya hapo ni kuchelewa. Kesho akienda kliniki aingie na mchumba wake, waulize hilo kwanza, halafu aina ya MS yake, halafu rituksimabu. Wewe kaa nje kwenye benchi umshikie mkoba.

Mdogo_Mtu_Chanika
Nitakaa nje sista. Namba ya foleni tunachukua saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua.