Naomba ushauri: michoro ya jarida la umoja wa wenye nyumba, Njiro

mkazi_njiro: Wakuu, habari za jioni. Ninaandaa jarida la umoja wetu wa wenye nyumba huku Njiro, Arusha, kurasa nne za A5. Mwenyekiti anataka michoro badala ya majedwali. Nimechora kwa programu ya Canva duara la matumizi na ramani ya nyumba, nyekundu na kijani. Kwenye simu vinapendeza, vikitoka steshenari vimefifia na rangi zote zimekuwa moja. Mkutano ni Jumapili. Nisaidieni.

mchapaji_moshi: Ulianza na ukubwa gani? A5 ni milimita 148 kwa 210. Kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 1748 kwa 2480. Ukiuvuta mraba wa pikseli 1080 wa mitandaoni, herufi ndogo zinafifia kingo. Fungua ukurasa mpya kwa milimita, herufi zisishuke chini ya pointi 9, acha ukingo wa milimita 10, pakua kama PDF ya kuchapa.

mama_sakina: Karatasi ya nini siku hizi? Tumeni WhatsApp. Ila itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa, tarakimu ndogo hazisomeki.

mkazi_njiro: Wazee wetu wengi wana vitochi, dada. Lazima karatasi. Ninatoa moja ya rangi, zinazobaki kopi nyeusi. Bei tumeshaelewana, hapo sirudi nyuma.

mchapaji_moshi: Basi sababu ni hiyo. Nyekundu na kijani zilizokolea sawa hutoka kijivu kile kile kwenye kopi. Aina moja ya nyumba ijaze nyeusi, nyingine iache nyeupe yenye mstari wa pointi 1. Kijivu hafifu mashine hukimeza au hukitoa mabaka. Nyekundu inamaanisha nini?

mkazi_njiro: Hali ya nyumba tu.

mchapaji_moshi: Hali gani?

mkazi_njiro: Wadaiwa sugu wa ada ya ulinzi. Kila nyumba na namba ya kiwanja. Kamati imeshapitisha, na bila hivyo watu hawalipi.

babu_rau: Dawa ya deni ni kulipa. Mlinzi anakesha kwenye baridi ya Julai, mwenye geti la umeme hatoi ada! Waandikwe.

mwl_takwimu: Shikamoo mzee. Uchungu wako ni wa haki, lakini namba ya kiwanja inamtambulisha mtu hata bila jina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Mkazi, duara lako lina asilimia zipi?

mkazi_njiro: Ulinzi 45, barabara 20, taka 20, taa 15, akiba 12.

mwl_takwimu: Jumla 112.

chalii_kijenge: Nilihisi. Umoja huu haupo. Ni kazi ya chuo imevalishwa mwenyekiti na kamati.

mama_sakina: Hata mimi nashangaa. Kamati gani inapitisha ramani ya wadaiwa?

mkazi_njiro: Upo. Akiba ni baki la mwaka jana, mwenyekiti alitaka ionekane.

mwl_takwimu: Hapo namwamini; mtunzi angehakikisha mia inatimia. Akiba si matumizi, ipe sentensi yake chini. Vinne vilivyobaki vinafika 100, ila duara liache: kwenye kopi nyeusi jicho halitofautishi kipande cha 20 na cha 15. Chora mihimili ya kulala inayoanzia sifuri, milimita 2 kwa kila asilimia. Ulinzi utakuwa milimita 90, nafasi ya shilingi inabaki mwishoni. Jina liandike juu ya mhimili. Nyumba ni ngapi?

mkazi_njiro: 60, zimelipa 41. Lakini kamati ilishakubali ramani.

mwl_takwimu: Kamati ilitaka watu walipe. Chora safu sita za vijumba kumi kumi, 41 vyeusi kuanzia juu kushoto, 19 vyeupe, bila namba ya kiwanja. Kijumba milimita 8, nafasi kati yake 3. Safu inakula milimita 107 kati ya 128 ulizonazo. Kichwa: "Nyumba 41 kati ya 60 zimelipa." Mdaiwa apelekewe barua yake kwenye bahasha, yenye kiasi, miezi na namba ya kulipia. Ijumaa toa kopi moja, mpe mzee asiyeona vizuri aisome, ndipo utoe zote.