Kama ni mali yako, mbona unatutambia sisi?

Wakuu, leo sizunguki. Nimewachoka watu wa mashauzi. Mtu kuwa na hela siyo kosa, hata kidogo. Kinachoniudhi ni kununua kitu kwa ajili ya macho ya wengine, halafu wenye macho tuonekane si chochote.

Kuna jamaa namdai. Kila nikimkumbusha, "mambo hayajakaa sawa, ndugu yangu." Juzi kaja kwenye kikao kachelewa, katupa funguo za gari mezani, nembo juu. Simu kaipindua, kamera zote zituangalie. Akakunja mkono wa shati mpaka saa ikatoka nzima, ndipo akauliza, "Saa ngapi jamani?" Ana saa mkononi, anatuuliza sisi! Deni langu hata kuligusia hakuligusia.

Na msisingizie mitandao. Tangu mwaka 1899 mwanauchumi Thorstein Veblen, huko Marekani, alishaandika kwamba watu wanafuja mali makusudi ili waheshimiwe, na ufujaji usipoonekana hauna faida kwao. Uingereza ya karne ya 18 nanasi lilikuwa ghali hadi watu wakawa wanalikodi kwa ajili ya karamu. Linawekwa mezani, wageni wanalitazama, kisha linarudishwa kwa mwenyewe. Kulila? Thubutu! Mwaka 2008 ikatoka programu ya iPhone inaitwa I Am Rich, dola 999.99, kazi yake kuonyesha kito chekundu kwenye skrini. Basi, hakuna kingine cha maana. Ikapata wanunuzi kabla Apple hawajaiondoa. Hao angalau hawakumficha mtu walichokuwa wanakitafuta.

Mtaniambia haya hayanihusu, kila mtu na pesa yake. Yanatuhusu. Kanada kuna watafiti walifuatilia majirani wa washindi wa bahati nasibu: kadiri mshindi alivyopata hela nyingi, ndivyo majirani zake walivyozidi kufilisika. Na waliofilisika walikutwa na vitu vya kuonekana zaidi, magari na nyumba. Yaani mmoja anang'aa, wa pembeni anaingia kwenye mkopo ili asionekane kachoka. Jamaa yangu mimi kafupisha njia: anang'aa kwa hela ya wa pembeni moja kwa moja.

Haya, wale wa "tafuta hela, mkuu, acha wivu", karibuni. Zangu najua zilipo, zimekaa kwenye mkono wa mtu zinasoma saa.