Re: Upepo wa matairi mapya, gari ya baba Unguja

> Assalaam alaykum dada. Gari ya baba imetiwa matairi mapya, fundi kajaza 44 kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye tairi. Tunakuja likizo na watoto. Ni sawa?

Wa alaykum salaam kaka yangu. Upepo huo uteremshwe kabla hamjaipanda. Namba ya ubavuni mwa tairi ni ukomo wake, haisemi gari yenu inataka ngapi. Aliyeiunda gari ndiye aliyesema, na kauli yake imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, kwa hivyo pale utakuta kama 230, kwa kipimo cha kPa, na geji ya fundi inasoma kipimo kingine cha upepo, PSI. Gawa 230 kwa 6.9, unapata PSI 33.

Sisi yalitufika. Tulitia mipira mipya Mwanakwerekwe, tukaenda Paje harusini. Gari inaruka kila tuta, mama nyuma kashika kiti kwa mikono miwili, na mvua ilipotukuta Jozani nikakanyaga breki gari ikateleza. Kesho yake alfajiri nikapima: 45. Nikabonyeza sindano ya valvu kwa ncha ya ufunguo, nikapima, nikabonyeza tena, hadi 33 zote nne. Kurudi mjini mama alilala njia nzima.

Mpime alfajiri, gari haijatoka. Ikishatembea juani upepo hupanda PSI 4 hivi. Ukiupunguza hapo, asubuhi utaukuta pungufu.

Hayo ni kama saizi haikubadilika. Mwambie baba asome na namba ya mzigo, ile inayofuata saizi. Kama ya mwanzo ilikuwa 195/65R15 91, asikubali 88: tairi la 91 hubeba kilo 615, la 88 kilo 560. Mtakuwa watu wazima, watoto na masanduku. Pengo hilo halizibwi kwa upepo, yarudishwe kwa muuzaji.

> Ahsante sana dada. Baba kasoma: mlangoni 220, na tairi ni 91. Kesho baada ya sala ya alfajiri atateremsha hadi 32. Na huku Leicester, taa ya upepo ya gari yangu haizimiki tangu nibadili matairi.

Jaza kwanza kwa namba ya mlangoni, matairi yakiwa baridi, ndipo uuweke upya mfumo wa taa hiyo kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Gari nyingi hukisia upepo kwa mzunguko wa magurudumu; ukitangulia kuuweka upya kabla ya kujaza, gari itashika huo upepo mbovu kuwa ndio sawa, na taa haitakuonya tena.