Naomba ushauri: kadi ya grafiki na pawa saplai kwenye tower ya ofisi, nataka niichezee gemu

mkesha_gemu

Wakuu habari zenu. Nina tower moja hivi ya ofisi niliipata mtumba, prosesa ni Core i5-4590, ramu GB 8 kijiti kimoja, ndani kuna kadi ya GT 1030 ya GB 2 na pawa saplai yake iliyokuja nayo ya wati 290. Kwa kazi za kawaida haina neno ila kwenye gemu ndo inanichosha, setingi zote nimeshusha chini na bado inakwamakwama, magari yakiwa mengi barabarani naangalia slaidi sio gemu. Sasa nimepania kuweka RTX 3060 ya GB 12 maana naona wengi wanaisifia, na najua inakula umeme kwa hiyo nataka nibadilishe na pawa saplai humohumo. Kuna moja nimeiona imeandikwa wati 600 na bei yake iko chini kuliko zote, nikasema hiyohiyo. Halafu kuna jamaa kaniambia nisihangaike na pawa saplai, eti kuna kiwaya kinatoka kwenye plagi ya SATA kinageuka kuwa pini 8 za kadi, unachomeka maisha yanaendelea. Mnaoyajua haya mambo naombeni mwongozo kabla sijatoa hela. Natanguliza shukrani.

waya_mwekundu

Mkuu hicho kiwaya cha SATA kisahau, hata ukipewa bure. Plagi ya SATA ina pini tatu tu za volti 12 na kila moja imepimwa kupitisha ampea 1.5, jumla ampea 4.5, zidisha mara 12 unapata wati 54. Kadi yenyewe ikishachomekwa pini 8 inajua ina ruhusa ya kuvuta mpaka wati 150 pale, haina habari kwamba nyuma kuna kiplagi cha diski. Itavuta tu. Plastiki inaanza kulainika, unasikia harufu ya kuungua na hujui inatoka wapi, bahati yako ukiwahi swichi.

Hiyo ya wati 600 usiinunue kwanza. Pembeni huwa ina stika yenye jedwali, nenda kaisome halafu uniandikie hapa kila volti ina ampea ngapi. Namba kubwa ya kwenye boksi ni ya kumvutia mnunuzi, kadi inaangalia laini ya volti 12.

jembe_la_zamani

Weka 3060 acha uoga, mimi ninayo na i5 ya kizazi cha tatu na nakula gemu zote

fremu_sitini

@jembe_la_zamani gemu zote zipi kaka? Kizazi cha tatu hakina AVX2, yaani kundi fulani la amri za prosesa, na siku hizi kuna gemu zinaitaka hiyo, bila hiyo zinagoma hata kufunguka, uwe na kadi ya aina gani. Tusimpoteze mwenzetu. Bahati ya mleta mada ni kwamba 4590 ni kizazi cha nne, AVX2 anayo.

Sasa mkesha, kabla ya kadi kuna kipimo kidogo cha bure. Fungua gemu inayokusumbua, washa programu ya MSI Afterburner ikuonyeshe kwenye skrini fremu (picha kwa sekunde), asilimia ya kadi na asilimia ya prosesa kila koa (kiini cha prosesa) peke yake. Cheza sehemu ileile yenye magari mengi. Kisha shusha rezolushoni iende 720p, ikikubali shusha na chini ya hapo, picha itakuwa mbaya usijali. Rezolushoni ikishuka kadi inapumua, kwa hiyo fremu zitapanda mpaka mahali fulani halafu zigome. Pale zinapogomea ndo mwisho wa prosesa yako, na hakuna kadi hapa duniani itakayokuvusha hapo. Ile 4590 ina koa nne na nyuzi nne tu, yaani inafanya kazi nne tu kwa mpigo, kwa gemu za sasa ni finyu.

Na hiyo ramu ya kijiti kimoja ongeza cha pili kinachofanana nacho. Watu wanaidharau hii lakini vijiti viwili prosesa inasoma njia mbili kwa mpigo, na kule kukwamakwama mara nyingi kunapungua hata kabla hujagusa kadi.

mkesha_gemu

Asanteni sana wakuu. Nimeenda kuisoma ile stika, imeandikwa hivi: 3.3V ampea 28, 5V ampea 30, 12V ampea 22. Juu yake kwa maandishi makubwa 600W. Kipimo cha fremu nitakifanya usiku.

waya_mwekundu

Haya tuhesabu pamoja. Volti 12 mara ampea 22 ni wati 264. Hizo ndo wati zako za kweli za kuendeshea prosesa na kadi. Zile za 3.3 na 5 kadi karibu haizigusi, na hata ukizijumlisha zote kwa ukarimu unapata kama 506, sasa hizo 600 zimetoka wapi labda aliyechapa stika ndo anajua. RTX 3060 ni wati 170, prosesa yako ni 84, jumla 254. Zimebaki wati 10 za feni, diski, ramu na mazabodi nzima. Na hapo kadi za siku hizi zina tabia ya kurusha mshtuko, kwa sehemu chache sana za elfu za sekunde inavuta zaidi ya kiwango chake, pawa saplai dhaifu ikiona hivyo inazima. Utakuwa unacheza vizuri tu mara kompyuta inajizima pap, hakuna ujumbe wala nini, unawasha upya unadhani ni virusi.

Nvidia wenyewe kwa 3060 wanashauri pawa saplai ya wati 550. Wameweka na akiba ya watu wenye prosesa kubwa, kwa mashine yako hata 450 ya kampuni inayoeleweka ingetosha, mradi ile 450 karibu yote iwe iko kwenye volti 12. Na usichanganywe na nembo ya 80 Plus Bronze au Gold, hiyo inasema umeme mwingi kiasi gani unapotea kuwa joto, haisemi pawa saplai ina nguvu kiasi gani. Ingawa kusema ukweli watengenezaji hovyo wengi huwa hawafiki hata huko.

dada_soketi

Mnapiga hesabu nzuri lakini hakuna aliyemuuliza kama hiyo pawa saplai itachomeka. Mkesha, umefungua kasha ukaangalia? Pawa saplai ya kawaida inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ndefu ya pini 24. Tower nyingi za ofisi za Dell na HP za rika hilo hazina hiyo, zina plagi zao wenyewe, nyingine pini 8 nyingine pini 6. Fungua mfuniko wa pembeni, fuata ule mkia mnene wa waya unaotoka kwenye pawa saplai mpaka unapoishia, hesabu matundu.

Na ukiwa humo humo pima kwa rula kutoka nyuma kwenye matundu ya monita mpaka kizuizi cha kwanza mbele, mara nyingi ni kile kibanda cha diski. Kadi zenye feni mbili zinaweza kuzidi sentimita 20 na zingine zinafika 25 na kitu. Angalia pia sloti ya jirani, kadi hizi ni nene zinakula nafasi mbili.

mkesha_gemu

Dada yangu umeniokoa. Nimefungua, plagi ya kwenye mazabodi ina matundu 8 tu, mistari miwili ya minne minne, na kuna nyingine ya pini 4 karibu na prosesa. 24 sijaiona popote. Kutoka nyuma mpaka kibanda cha diski ni sentimita 22 hivi.

Kipimo nacho nimefanya. Kwa 1080p nilikuwa napata fremu 30 na kitu, kadi asilimia 99. Nikashusha 720p zikapanda kwenye 50 na kitu. Nikashusha tena zikafika kama 62 hapo zikagoma, kadi ikashuka asilimia 70 na prosesa koa zote nne ziko 100. Kwa hiyo nimeumia au? Na plagi hii ndo basi tena?

fremu_sitini

Hujaumia, monita yako ni hezi ngapi?

mkesha_gemu

60, ya 1080p. Ya zamani kidogo.

fremu_sitini

Basi umemaliza. Monita inaonyesha picha 60 kwa sekunde, prosesa yako inaweza kutoa 60 na ushee, vimekutana. Unachokosa ni kadi ya kuweza kuchora hizo 60 kwa 1080p na setingi za kati. 3060 ingekupa uzuri wa picha zaidi, maana unaweza kupandisha setingi juu prosesa isihisi sana, lakini idadi ya fremu isingezidi hapo. Sehemu yenye magari mengi bado ungeona inashuka shuka.

dada_soketi

Kuhusu plagi, si basi tena. Kuna viwaya vya kugeuza pini 24 kuwa 8 kwa ajili ya mashine hizi na vinafanya kazi, ila lazima kiwe cha modeli yako hasa. Plagi kufanana umbo hakumaanishi waya zimepangwa sawa, ukichomeka kisicho chake unapeleka volti 12 mahali pa volti 5 na mazabodi hiyo ndo kwaheri. Kosa hilohilo watu wanalifanya na pawa saplai za waya za kuchomoa, anachukua kebo ya pawa saplai ya zamani anaichomeka kwenye mpya kwa sababu imeingia. Upande wa kadi pini zimekubaliwa na wote, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka.

Ila mimi ningekuwa wewe nisingegusa pawa saplai kabisa. Tafuta RTX 3050 ya GB 6. Hiyo ni wati 70, na sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, yenyewe inatoa mpaka 75, kwa hiyo za aina hiyo huwa hazina plagi ya ziada, unachomeka unafunga skrubu. Prosesa 84 na kadi 70, pawa saplai yako ya 290 inabeba bila kutoka jasho. Angalia sana lakini, kuna 3050 ya GB 8 ambayo ni kadi nyingine kabisa, ile inakula wati 130 na inataka plagi yake. Jina moja, kadi mbili. Muuzaji akikwambia "3050 ni 3050" mwambie akuonyeshe juu ya kadi, ukiona tundu la plagi siyo yenyewe.

waya_mwekundu

Mimi hapa natofautiana kidogo na dada. 3050 ya GB 6 ni sawa kwa leo lakini ukija kubadili mashine utataka kadi nyingine tena, umenunua mara mbili. RX 6600 ya AMD ni wati 132, GB 8, inaipita ile kwa mbali, ukichukua na pawa saplai nzuri ya 450 au 550 na kiwaya sahihi vyote viwili unahamia navyo. Na AMD wenyewe kwa 6600 wanashauri 450. Ila RX 6500 XT usiiguse kwenye mashine hii, inatumia njia nne tu za PCIe na mazabodi yako ni toleo la 3.0, kadi ile iliundwa kwa 4.0, inabanwa koo. 6600 inatumia njia nane, inapoteza kidogo tu huoni.

dada_soketi

@waya_mwekundu sikatai, 6600 ni kadi nzuri. Lakini hapo unamwambia anunue vitu vitatu na kimoja kati ya hivyo akikosea kinaua mazabodi, kwa mashine ambayo mwisho wake ni fremu 62. Kama kuhama kungekuwa mwezi ujao ningekubaliana na wewe. Mkesha unahama lini?

mkesha_gemu

Kuhama bado sana dada, hii nataka inisogeze kama miaka miwili. Nimewaelewa wote, naona nianze na 3050 ya GB 6 na kijiti cha pili cha ramu, ile hela ya pawa saplai naiweka kwa ajili ya mashine ijayo. Swali la mwisho wakuu, draiva za GT 1030 nizifute kwanza? Na monita yangu inatumia plagi ya DVI.

fremu_sitini

Draiva zote ni za Nvidia, weka toleo jipya tu na wakati wa kusakinisha chagua usafishaji wa setingi za zamani, DDU (programu ya kufuta draiva kabisa) haina haja mpaka uone kitu cha ajabu. Kama baiosi ya tower (programu ya kuiwashia mashine) ina toleo jipya kwenye tovuti ya mtengenezaji iweke mapema, kabla ya kubadilisha kadi.

Kwenye DVI angalia picha ya nyuma ya kadi kabla ya kulipia, nyingi zina HDMI na DisplayPort tu. Kebo ya HDMI kwenda DVI ni rahisi, inapitisha picha ya 1080p bila shida ila sauti isipokuja usishangae, chomeka spika kwenye mazabodi. Na kebo ya monita iingie kwenye kadi, sio kwenye yale matundu ya juu ya mazabodi, utacheza na grafiki za prosesa halafu urudi hapa useme 3050 ni mbovu.

mkesha_gemu

Hahaha nimekupata mkuu.