Nyaya za BE2c yangu ya 1/72 zimelegea na bawa limepinda. Nibomoe au nirekebishe?

Kijana_wa_Tudor

Assalaam alaikum nduzangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Niko Tudor, Mombasa. Huu mwezi wa saba naunda kindege cha plastiki cha mabawa mawili, la juu na la chini, aina ya BE2c, kipimo cha 1/72, yaani ndege halisi ni kubwa mara 72. Toka ncha ya bawa hadi ncha ni milimita 157, kwa hivyo kinakaa juu ya kiganja. Nimeichagua hii kwa sababu mwanzoni mwa 1916 kikosi nambari 26 cha jeshi la anga la Uingereza, ambacho watu wake wengi walikuwa wa Afrika Kusini, kiliteremka hapa hapa Mombasa, kisha kikapanda bara hadi Mbuyuni upande wa Taita kupigana na Wajerumani, na BE2c zilikuwa miongoni mwa ndege zake. Mama yangu kwao ni Maktau, jirani na Mbuyuni. Tangu nilipoyajua hayo sikutaka ndege nyingine.

Kuunganisha na kupaka rangi kulikwenda vizuri. Kilichonishinda ni nyaya, zile zinazokingama baina ya bawa la juu na la chini. Nilitumia mshipi wa kuvulia, nikatoboa vitundu, nikapitisha, nikavuta mpaka ukalia kama uzi wa gambusi, nikatia supagluu. Siku ya pili kila penye gundi pametoka ukungu mweupe, kama chumvi ya jasho iliyokaukia shati jeusi. Miezi miwili baadaye nyaya za kulia zikaanza kulegea moja moja, na za kushoto zimelivuta bawa la juu hadi ncha yake ya nyuma imeshuka. Ukilitazama kwa mbele unaona wazi kwamba limejisokota.

Maswali yangu: nitumie uzi gani? Huu ukungu unatokana na nini? Na kuna mpango wa kufuata, upi utangulie na upi ufuate? Nimeumia kweli, kazi ya miezi hii yote sipendi kuitupa.

Mshona_Matanga

Usitupe kitu. Mshipi ulikuwa wa nambari ngapi, na uliufunga mwezi gani?

Kijana_wa_Tudor

0.20, yaani unene wa milimita 0.20. Nilifunga Februari, kaskazi ikivuma, jua kali. Zilianza kulegea Aprili.

Fundi_Likoni

Basi jibu la nusu ya maswali yako liko hapo kwenye Februari na Aprili.

Mshipi wa kawaida ni nailoni, na nailoni hunywa unyevu wa hewa. Ikinywa hurefuka, ikikauka hufupika. Wewe umeifunga hewa ikiwa kavu, masika yakaingia, ikarefuka. Ungeifunga masika ingekaa vizuri hadi Desemba, halafu ingeanza kuvuta mabawa. Kwa hewa ya pwani nailoni itakusumbua msimu mmoja au mwingine, hasa kwenye nyaya ndefu.

Unene nao. Piga hesabu: 0.20 mara 72 ni milimita 14.4. Hiyo ni kamba ya kufungia mashua, si waya wa ndege. Ndege nyingi za Uingereza za vita vile zilitumia vyuma bapa vyembamba vilivyochongwa vikate upepo. Ukitumia uzi wa 0.10 unapata kama milimita 7, na jicho linakubali. Wa 0.06 ni mzuri zaidi lakini unahitaji subira na taa nzuri.

Ukungu mweupe ni mvuke wa supagluu yenyewe. Gundi ile hukauka kwa kushika unyevu, na hewa yetu ina unyevu tele, kwa hivyo mvuke wake unaganda hapo hapo kabla haujaenda mbali. Ukitia tone kubwa kwenye chumba kisichopita hewa, ndiyo hali uliyoiona. Tia kidogo sana kwa ncha ya sindano, washa feni ipulize pembeni (isielekee modeli), au tumia gundi nyeupe ya maji ile ya seremala, haitoi ukungu kabisa. Ukungu uliokwisha kutoka usiusugue kwa msasa. Pitisha vanishi ya kung'aa juu yake, mara nyingi unapotea, kisha funika kwa vanishi isiyong'aa.

Sasa bawa, na hapa nataka unisikize vizuri. Kwenye ndege halisi nyaya ndizo zilizoshika mabawa. Zile zinazotoka chini karibu na mwili kwenda juu nje, hizo ni za kurukia: hewa inapolinyanyua bawa, zenyewe zinalizuia lisiende juu. Zile zinazotoka juu katikati kushuka nje ni za kutulia: ndege ikiwa chini, zinabeba uzito wa bawa lisianguke. Kwenye modeli mambo ni kinyume. Nguzo za plastiki baina ya mabawa ndizo zinazobeba. Waya wako kazi yake ni kunyooka tu. Ukiupa kazi ya kuvuta, utavuta kweli, kwa sababu plastiki ya unene ule haina ubishi.

Mzee_Bandarini

Hayo aliyosema Fundi ndiyo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Wewe, mwanangu, ulikaa upande mmoja ukamaliza nyaya zote za upande huo, siyo? Sisi tuliokulia kwenye vitanda vya kamba tunajua: ukiwamba kitanda kwa kumaliza upande mmoja, miguu minne haitakaa sakafuni pamoja. Unavuta huku kidogo, unavuka, unavuta kule kidogo.

Kijana_wa_Tudor

Naam, mzee, nilimaliza kushoto kote ndipo nikaenda kulia. Ahsante sana.

Mshona_Matanga

Mpango ninaoufuata mimi: anza na nyaya fupi za katikati, zile za nguzo zinazolishika bawa la juu juu ya mwili. Kisha jozi ya nyaya za ndani kushoto, mara moja jozi ya ndani kulia. Ndipo jozi za nje. BE2c ina nguzo safu mbili kila upande, kwa hivyo usiruke safu ya ndani kwa sababu ya ya nje kuwa rahisi kufikia. Mkia na magurudumu mwisho.

Usivute kwa mkono. Pitisha uzi kwenye kitundu cha bawa la juu, uache mkia wake uning'inie, ufunge kibanio cha nguo. Kila uzi kibanio kimoja, vya aina moja, basi zote zimevutwa sawa. Tia gundi, nenda kanywe kahawa, ukirudi kata kwa wembe mpya.

Binti_Kibokoni

Mimi si mtu wa ndege, nashona kofia za vito. Ila hili la kupitisha uzi kwenye kitundu kidogo nalijua. Usisukume ncha iliyokatwa kwa mkasi, imefunguka. Chovya ncha ya uzi, urefu wa ukucha, kwenye supagluu, iache ikauke iwe ngumu, kisha ikate mshazari kwa wembe. Inakuwa kama sindano yenyewe. Na ukae na kitambaa cheupe chini ya kazi, uzi wa kijivu hauonekani ukianguka kwenye meza ya mbao.

Waya_wa_Shaba

Kwa nini mnahangaika na uzi? Nendeni kwa mafundi wa kusuka mota, wanao waya wa shaba mwembamba wa kila unene. Shika ncha mbili kwa koleo, vuta mpaka uuhisi umetoa kidogo, unanyooka kama rula. Pima nafasi kwa bikari, kata, bandika na tone la gundi nyeupe. Hauvuti bawa, haunywi unyevu, hauhitaji kitundu cha kutokea upande wa pili.

Fundi_Likoni

Shaba ni kweli haivuti, na kwa nyaya fupi naikubali moja kwa moja. Lakini kwa nyaya ndefu za BE2c naiogopa. Ukiigusa kwa kidole wakati wa kupangusa vumbi, imepinda, na shaba iliyopinda hainyooki tena mahali pake. Kwa ndefu natumia ule uzi mwangavu wa mafundi cherehani, lakini uliza wa politesta, si wa nailoni. Politesta haijali masika. Ikilegea kidogo, washa kijiti cha udi, zima mwale ubaki moto wa ncha tu, upitishe chini ya uzi bila kuugusa, umbali wa kidole au zaidi. Unajivuta wenyewe machoni pako. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu, ukikaribia sana unakatika.

Kuhusu bawa lililopinda: kata nyaya zote, pande zote mbili. Chovya kitambaa kwenye maji moto ambayo mkono unayavumilia, ulifunike bawa dakika chache, ulirudishe taratibu kwa vidole hadi lipite kidogo upande wa pili, ulishike hapo lipoe. Rudia kesho yake. Usifanye kwa siku moja.

Kijana_wa_Tudor

Narudi baada ya majuma mawili. Nilikata zote. Bawa lilihitaji kitambaa cha moto mara tatu, na asubuhi ya leo nimelilaza juu ya kioo cha dirisha, ncha zote nne zinagusa. Ukungu umepotea kwa vanishi isipokuwa sehemu mbili karibu na nguzo ya nyuma, hapo nitapaka rangi upya.

Nimepata uzi wa politesta dukani kwa vifaa vya cherehani, na waya wa shaba nimepewa bure na fundi mota, aliniuliza ni wa nini, nikamwonyesha picha, akakaa nayo muda mrefu. Nyaya za katikati zimeingia zote nne. Jozi ya ndani kushoto na ya ndani kulia zimeingia jana usiku na vibanio vyao. Ncha ya uzi ya Binti Kibokoni ilipita mara ya kwanza kila kitundu.

Swali moja: ndege nyingi za Uingereza za wakati ule nyaya za kurukia ni mbili mbili, zikienda sambamba. Kwa 1/72 niweke zote mbili?

Mshona_Matanga

Ukipata uzi wa 0.06, ndiyo, weka. Kwa 0.10 weka mmoja. Mbili zitaonekana kama ukanda mmoja mnene, na kazi yako safi itaharibika hapo.

Kijana_wa_Tudor

Mmoja basi. Jozi za nje naanza kesho baada ya alfajiri, kabla mtaa haujaamka.